Kwa nini wiki kumi za chumba cha habari humgeuza mwanafunzi?

Kila mwaka vyuo vya Marekani vikifunga mwezi Mei, wanafunzi wa uandishi wa habari husambaa kwenye magazeti, redio na vituo vya televisheni, kwa kawaida kwa wiki kumi hivi. Huku kwetu tungesema wamekwenda fildi. Wengi hurudi darasani wakiwa watu wengine kabisa. Wamefanywa nini huko?

Kwanza ni kalenda. Majira ya joto ndipo waandishi wazoefu wanapochukua likizo, ilhali moto, mafuriko na kesi mahakamani haviendi likizo. Pengo hilo ndilo linalompa kijana wa miaka 20 habari ambazo miezi mingine asingepewa hata kuzigusa.

Chukua tanzia. Mara nyingi mgeni huanzia hapo, maana inaonekana kazi nyepesi. Anaandika aya sita, anapeleka kwa mhariri. Mhariri hasifu lugha. Anauliza: huyu marehemu ni Brown au Browne? Nani kakwambia? Umesema alikuwa na miaka 71. Tarehe ya kuzaliwa umeipata wapi, na hesabu inakubali? Basi mwanafunzi anarudi kwenye simu, moyo unamdunda, anaanza kwa kutoa pole, kisha anamwomba mjane amtajie jina la mumewe herufi kwa herufi. Darasani kosa hilo lingemgharimu alama mbili. Hapa familia itakata kile kipande cha gazeti na kukiweka pamoja na picha za marehemu, kosa likiwamo, miaka nenda miaka rudi. Mimi naamini mtu hugeukia hapo hasa, kwenye simu ile ya pili.

Chicago ilikuwa na shirika la habari, City News Bureau, lililoanzishwa mwaka 1890, ambalo lilisifika kwa kuwanoa vijana kwa ukali wa namna hiyo. Usemi unaohusishwa nalo ulikuwa huu: mama yako akikuambia anakupenda, hakikisha. Kurt Vonnegut, kabla hajawa mwandishi maarufu wa riwaya, alifuatilia habari za polisi kwa ajili ya shirika hilo huku akisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Seymour Hersh naye alianzia hapo. Mwaka 1969 Hersh alizunguka kambi ya jeshi ya Fort Benning akimsaka luteni William Calley, aliyeshtakiwa na jeshi kwa mauaji ya raia, hadi wakaonana uso kwa uso, na dunia ikajua jinsi raia walivyouawa katika kijiji cha My Lai, Vietnam. Mwaka uliofuata alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Mtu aliyezoea kuambiwa "rudi ukahakikishe" haoni ajabu kutembea siku nzima akitafuta mlango mmoja.

Kuna pia faida ya wazi: mwanafunzi anaondoka na habari zilizochapishwa kwa jina lake, na mhariri wa kumdhamini anapoomba kazi. Wengine hugundua wiki ya tatu tu kwamba hawawezi kubisha hodi kwenye nyumba ya msiba, wakabadili kozi mapema. Hilo nalo si hasara.

Kinachoniuma ni fedha. Nafasi isiyo na posho, katika jiji kama New York au Washington, humfaa mwenye shangazi wa kumlaza. Asiye naye hurudi kuuza dukani, hata kama kalamu yake ni kali. Na zamani rangi ya ngozi ilitosha kumzuia mtu: mwaka 1968 Tume ya Kerner, iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson baada ya ghasia za mijini, iliripoti kwamba watu weusi hawakufika hata asilimia 5 ya waliofanya kazi za uandishi na uhariri katika vyombo vya habari vya nchi hiyo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha mafunzo ya majira ya joto kwa ajili ya waliofungiwa mlango. Yalipokufa mwaka 1974, kundi la waandishi liliyafufua Berkeley, California, mwaka 1976. Mmoja wao, Robert Maynard, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 kwa hamu ya uandishi, alilinunua gazeti la Oakland Tribune mwaka 1983, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kumiliki gazeti kubwa la kila siku la jiji nchini humo.