Usiku ukiamka, ukirudi unalala?

Mwishoni mwa Mei 2020, wakati wa hofu ya korona, mama mmoja mjamzito aliniletea kadi ya kliniki ambayo sikuweza kuisoma. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya mfuko mwingine, akaiweka mezani kwa ncha za vidole. Karatasi ilikuwa imevimba na kujikunja kama iliyonyeshewa. Pale tunapoandika tarehe ya hedhi ya mwisho palibaki doa la bluu. Nikamuuliza kama iliangukia maji. Akasema hapana, huwa anaifuta kwa kitakasa mikono kila akitoka kliniki, mbele na nyuma, kwa sababu imeshikwa na watu.

Ilibidi tuitafute tarehe upya. Akakumbuka kwamba alikuwa hedhini siku ya kipaimara cha mdogo wake, Novemba. Tukahesabu, tukapata wiki 28.

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Moshi, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni afya ya akili ya wajawazito na wazazi. Kwa hiyo nilipaswa kujua la kusema. Nilichosema ni hiki: "Mama, acha kuwaza sana, utamdhuru mtoto." Akaitikia kwa kichwa, akachukua kadi yake akaenda. Tarehe yake iliyofuata hakuja. Alipokuja baadaye alikuwa amekonda usoni, na akaniambia halali kabisa. Mwanzoni alikuwa anaiogopa korona. Baada ya maneno yangu akaanza kuuogopa na woga wake mwenyewe: kila moyo ukimwenda mbio anashika tumbo, anahesabu kama mtoto amecheza, asipocheza dakika hiyo moyo unazidi kwenda mbio. Mzigo ule nilimwongezea mimi.

Kwa hiyo nikikuta mtu anamwambia mjamzito "usiwaze", namzuia. Ni kweli kwamba wasiwasi mkali wa muda mrefu wakati wa ujauzito umehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo. Hilo ni jambo la sisi watoa huduma kulijua ili tumtafute mama mapema. Kumtupia yeye kama onyo hakumsaidii, maana hakuna mtu anayeacha kuogopa kwa kuamriwa.

Nirudi nyuma kidogo, kwa wasiokumbuka hali ilivyokuwa huku kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha, msafiri aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla. KIA iko katikati ya Moshi na Arusha. Kwa mama wa Pasua au Njoro, mitaa ya hapa Moshi, habari ile haikuwa ya Ulaya tena, ilikuwa ya barabara inayopitiwa na daladala ya jirani yake. Shule zikafungwa. Aprili 12 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na hapo ndipo kilipoguswa kitu ambacho wengi hawakihesabu kwenye afya ya uzazi: mfuko wa nyumba. Mume mpagazi wa mlimani, mume mwongoza watalii, mume dereva wa gari la safari, mama muuza shanga, wote walikaa nyumbani kwa pamoja. Nilipoanza kuwauliza wajawazito wanaogopa nini, nilitegemea wataje ugonjwa. Wengi walianza na kodi ya nyumba.

Takwimu za mwisho tulizosikia mwaka ule zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo mjamzito alibaki na WhatsApp. Pengo la habari hujazwa na uvumi, na uvumi hauchagui wiki za mimba.

Haikuwa kwetu tu. Kule Kanada, Aprili 2020, watafiti waliwauliza wajawazito karibu 2,000, na asilimia 57 walikuwa na dalili za wasiwasi za kiwango cha kutiliwa maanani. Kabla ya korona, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likikadiria kuwa katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, sonona ikiongoza. Vipimo hivyo viwili si vya aina moja, kwa hiyo usivilinganishe kama kilo na kilo. Navitaja ili mama anayesoma hapa ajue kwamba hakuwa dhaifu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani lilitusumbua kuliko yote, nalo ni pumzi.

Januari na Februari 2021 misiba ilikuwa mingi, na neno lililosikika kwenye matangazo ni "changamoto ya upumuaji". Chukua mama wa wiki 34 anayetweta akipanda kutoka stendi mpaka kliniki, umsikilizishe neno hilo mara tatu kwa wiki. Atafikiri nini?

Ujauzito wenyewe hubana pumzi. Homoni ya projesteroni inauchochea ubongo uvute hewa nyingi zaidi, na inaanza mapema, hata kabla tumbo halijatoka. Baadaye mji wa mimba unakisukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, mapafu yanakosa nafasi ya kushuka. Moyo nao unaongeza mapigo, kati ya 10 na 20 kwa dakika juu ya kawaida yake, kwa sababu damu imekuwa nyingi. Mama mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, atahisi hewa haimtoshi na moyo unadunda.

Wasiwasi unaleta hayohayo. Mtu mwenye hofu huhema harakaharaka, na kwa kuhema hivyo hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi. Ikishuka sana, midomo inakufa ganzi, vidole vinachomachoma, kichwa kinazunguka, kifua kinakaza. Na mjamzito yuko karibu na ukingo huo tangu mwanzo, kwa kuwa kaboni dayoksaidi kwenye damu yake tayari iko chini kuliko ya mtu asiye na mimba. Dakika chache tu za hofu zinamfikisha. Akihisi ganzi midomoni anajua ndiyo korona imefika, anahema zaidi, ganzi inazidi.

Na korona nayo ilibana pumzi. Mambo matatu, dalili moja, ndani ya kifua kimoja. Ndiyo maana kumwambia "ni wasiwasi tu" ni hatari. Wajawazito waliopata korona, hasa miezi mitatu ya mwisho, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua sana na kujifungua kabla ya wakati kuliko wenzao wasioambukizwa. Huwezi kubahatisha.

Nilichofanya, na bado nafanya, ni kuhesabu. Namketisha mama, anapumzika dakika kumi, halafu nahesabu pumzi zake dakika nzima bila kumwambia nahesabu. Mimba huongeza kina cha pumzi, idadi yake haibadiliki sana. Kwa hiyo mjamzito aliyetulia anatakiwa kubaki kati ya pumzi 12 na 20 kwa dakika. Akibaki juu ya hapo ilhali amepumzika, natafuta sababu. Naweka kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na nataka kuona asilimia 95 au zaidi. Kisha naangalia kama anaweza kumaliza sentensi bila kukatisha. Ana homa? Kikohozi? Maumivu ya kifua? Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake? Kimojawapo kikiwepo anaonwa na daktari siku hiyohiyo. Na hata kama hakuna, namwonyesha alichopata: "Ona, pumzi 17, oksijeni 98." Nimeona mabega ya akina mama wengi yakishuka pale wanaposoma namba wenyewe.

Ikiwa ni hofu, tunapumua pamoja. Anaketi wima au analalia ubavu wa kushoto, mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya tumbo. Anavuta kwa puani akihesabu tatu, anatoa polepole kwa mdomo akihesabu sita, kama anayepoza chai. Kutoa ndiko kunakotuliza, ndiyo maana kunakuwa kurefu. Siku hizo wengi waliniuliza pia kuhusu nyungu. Jibu langu lilikuwa na bado ni hili: mjamzito asijifunike blanketi juu ya sufuria ya mvuke. Mimba changa haipendi joto kali la mwili, na mimba kubwa humfanya mama azimie kwa urahisi. Chai ya tangawizi na limau aendelee nayo.

Lakini utamjuaje mwenye wasiwasi uliopita kiasi? Ukimuuliza mama wa huku "una wasiwasi?" atasema hapana. Neno wasiwasi kwake ni la mtu mwenye imani haba, au mtu aliyefanya jambo baya. Atasema "nina mawazo", "roho haitulii", "moyo unapaa". Tuna dodoso la wasiwasi la maswali saba, GAD-7, na lile la sonona la Edinburgh la maswali 10. Navitumia, vinasaidia. Ila kabla sijatoa karatasi yoyote huwa nauliza swali moja la mezani.

Kila mjamzito huamka usiku kwenda haja ndogo. Namuuliza: "Ukirudi, unalala?"

Anayelala hata kama amechelewa kidogo, vizuri. Anayesema "nikirudi ndiyo basi, nakaa mpaka jogoo", huyo namvutia kiti. Hali hiyo ikidumu wiki mbili, siku nyingi kuliko siku za nafuu, na mchana hawezi kupika, kula au kukaa na watu kama zamani, hapo tumevuka mpaka wa hofu ya kawaida. Nauliza pia, wazi, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wenzangu wengine huogopa swali hilo wakidhani linampa mtu wazo. Halimpi. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza.

Kuna hasara nyingine ya janga lile ambayo haikuandikwa kwenye kadi. Kwa Wachaga mzazi halei peke yake. Mama yake au mama mkwe anakuja, anamkalia, mtori, ile supu ya ndizi, unapikwa, mzazi anakula na kulala, miezi inapita. Mwaka ule bibi alikuwa Rombo au Dar, na yeye ndiye aliyetakiwa kukingwa kwa umri wake. Wakwe wakabaki wanasalimia kwa simu. Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilifunga mlango wa wodi kwa ndugu wote, hata dada wa kumshika mama mgongo wakati wa uchungu. Niliielewa sababu ya maambukizi. Bado naamini tulikosea kutomruhusu hata mmoja, mwenye barakoa, aliyenawa mikono. Niliwashika mikono nilioweza, lakini mkunga mwenye akina mama wanne leba ana mikono miwili.

Tulichoweza kukifanya kilikuwa kidogo na kilifaa. Tulimpanga bibi azungumze na mkwewe kila jioni saa ileile, si kumpa taarifa za korona, bali kumuelekeza mtori: ndizi zipi, mafuta kiasi gani. Mume mmoja mpagazi, ambaye mlima ulimnyima kazi, akajifunza. Nilimwonyesha pia namna ya kuhesabu pumzi kwa saa yake. Alikuwa mume wa yule mama wa kadi. Tuliiandika kadi upya, nikampa karatasi moja ya masharti: kunawa mikono ukirudi nyumbani kunatosha, kadi usiifute.

Dawa zipo kwa wale ambao mazungumzo na familia havitoshi, na baadhi zinaweza kutumika ukiwa mjamzito kwa uamuzi wa daktari. Kama ulikuwa unatumia dawa kabla ya mimba, usiziache ghafla bila kumwona. Na tafadhali, vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa bila cheti usiviguse. Vikitumika karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa amelegea na kushindwa kupumua vizuri.

Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu hofu ya namna hii hurudi. Januari 2025 ilipotangazwa homa ya virusi vya Marburg huko Biharamulo, Kagera, wiki hiyohiyo maswali yalianza kliniki. Mmoja, mimba ya wiki 30, alikuwa amekaa benchi la mwisho bila kuzungumza na mtu. Nikamuuliza lile swali la usiku. Akasema hajalala siku nne. Sikumwambia asiogope. Nilimuuliza anaogopa nini hasa, akasema mume wake ni dereva wa lori, amepeleka mzigo Bukoba, hukohuko Kagera, anarudi Jumapili.

Basi tukazungumza kuhusu hilo. Marburg haisafiri kwa hewa kama korona. Huambukiza kwa kugusa damu au majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya maiti, na dalili huonekana kati ya siku 2 na 21. Tukampigia mume palepale, simu ikiwa kwenye spika. Alikuwa Singida, anakula. Hakuhudhuria msiba wala hospitali yoyote, hakumgusa mgonjwa, alilala kwenye gari lake. Nikampa siku za kujiangalia, na nini cha kufanya akipata homa kabla hajafika nyumbani. Akarudia maneno yangu moja baada ya jingine, mkewe akisikiliza.

Simu ilipokatika yule mama aliniuliza kama anaweza kwenda kunywa chai kwanza ndipo apimwe damu. Nikamwambia aende, kipimo cha wingi wa damu hakihitaji kufunga.