Kupima ubavu wa meli kwa kamera: milimita hupotelea wapi

Meli ikishapandishwa kwenye chelezo (mahali pa kuitoa majini ili itengenezwe) pale bandari ya Mwanza Kusini, umbo la ubavu wake laweza kupimwa kwa picha. Unabandika alama ubavuni, unapiga picha kutoka pande nyingi, kisha programu inakokotoa kila alama iko wapi. Majibu yakiyumba, wengi hukimbilia kamera yenye pikseli nyingi zaidi. Mara nyingi tatizo haliko huko.

Chukua pikseli ya milimita 0.004, lenzi ya milimita 24, umbali wa mita 3: pikseli moja inafunika nusu milimita ya bamba la chuma la ubavu. Alama ya duara yenye kipenyo cha milimita 5 itachukua pikseli 10, na programu nzuri itapata kitovu chake kwa takriban sehemu ya kumi ya pikseli. Duara la pikseli mbili halikupi hilo, hata kamera iwe ghali namna gani.

Kinachoharibu kazi zaidi ni lenzi inayocheza. Hesabu yote inachukulia kwamba lenzi haikusogea tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo zima fokasi otomatiki, zima kituliza mtikisiko, zumu usiiguse. Lenga mara moja kwa umbali wa kazi, kisha zungushia pete ya lenzi utepe. Picha zibaki nzima. Ukikata kingo, programu hupoteza kitovu cha picha.

Usitembee sambamba na meli ukipiga tu. Kipimo cha kina, yaani umbali kutoka kwenye kamera, kitakuwa dhaifu. Miale, yaani mistari ya kutoka kwenye kamera hadi kwenye alama, ikutane kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 90, kila alama ionekane katika picha sita au zaidi, na baadhi upige kamera ikiwa imelazwa ubavu.

Fito za kipimo, yaani fito ambazo urefu wake unaujua kwa uhakika na zinazoonekana pichani, ziwe mbili. Kosa la milimita 0.2 kwenye ufito wa mita 1 ni milimita 2 kwenye mita 10. Na chuma chenyewe hakitulii: bamba la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 15 hurefuka karibu milimita 1.8. Pima alfajiri, jua halijalipiga, na uandike joto la bamba, si la hewa.

Ufito wa kwanza uipe programu kama kipimo. Wa pili uufiche, kisha uulize urefu wake mwishoni. Jibu likitofautiana na urefu halisi zaidi ya fundi anavyoweza kuvumilia, usimkabidhi vipimo. Rudia picha.