Asilimia 15 ya kaunti si ya bajeti nzima

Kila bajeti inaposomwa, ujumbe huu hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: "Katiba inazipa kaunti asilimia 15 ya bajeti. Piga hesabu uone tulivyoibiwa." Mtu anatoa simu, tuseme anachukua trilioni 4, anapata bilioni 600, na hasira inampanda.

Kuzidisha kwake ni sawa. Msingi ndio uliokosewa. Kifungu cha 203 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja mapato yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na wabunge. Hizo huwa za miaka iliyopita. Bajeti nayo ina mikopo ndani yake, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Tena asilimia 15 ni kima cha chini: kaunti zote 47 kwa jumla zinaweza kupewa zaidi.

Kinga ambayo watu huisahau iko kifungu cha 219: mgao upelekwe bila kucheleweshwa isivyofaa na bila kukatwa, isipokuwa umesimamishwa chini ya kifungu cha 225. Zahanati ya kijijini ikikosa dawa kwa sababu fedha zimekwama, hapo ndipo pa kushikilia.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Fungua Katiba, Sura ya 12, uvisome vifungu hivyo mwenyewe.