Je, Wajua Kwa Nini Nguo ya Kichanga Hupigwa Pasi Hata Ikiwa Imeshakauka?

Fika Soko la Memorial, Moshi, belo la nguo za watoto linapofunguliwa. Utawakuta akina mama wameinamia rundo, na kila mmoja anainusa nguo kabla hajauliza bei. Ile harufu ya mtumba huwatia shaka: nani aliivaa huko Ulaya, na alikuwa anaumwa nini? Kwa hiyo nguo ikifika nyumbani hulowekwa usiku kucha kwenye dawa ya kuua vijidudu, ikafuliwa, ikaanikwa. Halafu bibi aliyekuja kulea mzazi anachungulia kutoka jikoni alikoinjika mtori: "Mmeipiga pasi?" Mama mtoto anashangaa. Nguo imekauka, haina hata kunyanzi.

Bibi ana haki. Aliyekosea ni anayeiogopa Ulaya. Mdudu wa upele, kwa mfano, akitoka kwenye mwili wa mtu huishi siku mbili tatu tu, na belo husafiri baharini kwa wiki kadhaa. Harufu yenyewe ni ya nguo zilizobanwa muda mrefu bila hewa, na sabuni ya mche, maji ya moto na jua vinaitosha. Dawa ya kuua vijidudu mimi nisingeitia kwenye beseni la kichanga. Isiposuuzika vizuri huwasha ngozi yake. Hata sabuni ya unga ni hivyo hivyo, suuza mpaka maji yatoke meupe.

Pasi inamlenga mwenyeji wetu. Yupo nzi wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, mnene kuliko nzi wa jikoni, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika yenye joto, Tanzania ikiwemo. Jike hutaga mayai 100 hadi 300 kwenye mchanga wa kivulini au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, na harufu ya jasho au mkojo humvuta zaidi. Sasa nguo gani inamfaa kuliko nepi isiyotakata? Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi tatu. Funza wake, mdogo kiasi kwamba humwoni, anaweza kusubiri kwenye nguo karibu wiki mbili, na akipata joto la mwili anapenya ngozini bila maumivu. Baadaye linatokea jipu lenye kitundu katikati, funza akipumulia hapo.

Joto la pasi, ya umeme au ya mkaa, huua mayai na funza. Lakini pitisha pande zote mbili, na ukae zaidi kwenye mishono, kiunoni na kwenye mikunjo ya shingo. Mwezi wa Julai, Moshi ikifunikwa na mawingu na nguo zikashinda barazani mbichi siku mbili, usiruke hatua hii. Huna pasi? Anika ndani, dirisha lenye wavu, au iache nguo wiki mbili kabla ya kumvalisha mtoto.

Vifungo na vishikizo vivute kwa nguvu. Kinachocheza kikate, maana kitaishia mdomoni.

Ila bibi huyo huyo huwa anakosea kwenye sanduku. Nguo za mjukuu aliyetangulia amezihifadhi na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, vya naftalini. Naftalini hugeuka mvuke na kukaa kwenye nyuzi, kisha huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, hasa ngozi iliyopakwa mafuta. Wapo watoto, wengi wao wa kiume, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, yaani protini inayolinda chembe nyekundu za damu, na hali hii ni ya kawaida zaidi kwa watu wa asili ya maeneo ya malaria. Kwao naftalini hupasua chembe nyekundu za damu: mtoto anapauka, anakuwa wa manjano, na manjano ikizidi hudhuru ubongo. Nguo hizo zianike nje siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa, ndipo uzifue. Na ukimwona mtoto macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umtajie daktari habari ya vile vidonge.