Kupanga nafasi ya taasisi za utafiti kwenye sera ya maji, maana yake nini?

Jirani yangu aliniuliza hili swali tukiwa kwa foleni ya bauza na mitungi yetu, ati hao watafiti wanahusiana vipi na mfereji wake ambao una mgao kila wiki. Wanahusiana sana, ni vile tu hatujaelezwa.

Sera ya maji ni msimamo wa nchi juu ya maji: nani apewe kwanza, nani achimbe wapi, bwawa lijengwe mto gani. Sasa kupanga nafasi ya watafiti ni kuamua mapema, kabla pesa haijatoka, ni maswali gani lazima yajibiwe na watu wa kupima, nani atawalipa, na majibu yatafika kwa meza ya nani. Hilo neno mapema ndilo huwa tunaliruka.

Chukua Lotikipi, bonde moja kule Turkana. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kuna maji mengi chini ya ardhi, Lotikipi peke yake ikakadiriwa mita za ujazo bilioni 200, watu wakafurahi, na mimi nilifurahi pia, nani hangefurahi na vile Turkana imeteseka. Lakini hayo makadirio yalitoka kwa picha za setilaiti na rada pamoja na uchimbaji kidogo tu, na visima vya majaribio vilivyofuata vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi. Watafiti hawakukosea kutafuta, shida ni kwamba tangazo lilitangulia kipimo, na hapo ndipo mpango ungesema ngojeni kwanza tuonje.

Kuna utafiti mwingine hauna kelele kabisa. Ukienda kando ya mto utaona geji, ubao umechorwa alama kama rula umesimama ndani ya maji, na mtu wa pale kijijini anausoma asubuhi na jioni anaandika kwa daftari. Huyo mtu asipolipwa miezi kadhaa daftari linabaki na mashimo, na hakuna profesa anaweza kurudi nyuma kupima mto wa mwaka jana. Bwawa la Ndakaini linalobeba maji mengi ya Nairobi linashika mita za ujazo milioni 70 likijaa, lakini litajaa au halitajaa inategemea mito ya milima ya Aberdare, na mito hiyo unaijua kwa madaftari ya miaka na miaka, si kwa kuangalia mawingu.

Sheria haijasahau hii kitu. Sheria ya Maji ya 2016 inataka mkakati wa kitaifa wa maji ueleze pia uwezo wa taasisi kufanya utafiti. Na tuko na KEWI, yaani Taasisi ya Maji ya Kenya, hapa South C, Nairobi, ina sheria yake ya 2001, inafundisha mafundi wa maji na utafiti pia ni kazi yake. Kuna vyuo vikuu pia. Mimi naona anayetoa kibali cha kuchimba asiwe ndiye peke yake anasema maji yamebaki kiasi gani, apate mtu mwingine wa kumpima, maana hapa Nairobi visima vimekuwa vingi sana na maji ya chini yanazidi kushuka, kila anayechimba leo inabidi aende chini kuliko yule wa zamani.

Na mengi ya hayo maji ya chini yana floraidi, ile inaachia watoto meno ya kahawia. Kipimo kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kama ploti yenu inatumia kisima mwombe keateka karatasi ya maabara mtafute huo mstari wa floraidi, na kama imepita hapo usimpe mtoto anywe, hata ukichemsha haisaidii kwa sababu mvuke unaenda na floraidi inabaki kwa sufuria.