Je, wajua kwa nini simu janja za mwanzo kila moja ilikuwa na umbo lake, na za leo zote ni kioo kitupu?

Chukua simu janja za siku hizi za kampuni tano tofauti, zizime, zilaze mezani kioo kikiwa juu. Hata mtu anayeshinda kutengeneza simu atasita kidogo kabla hajasema hii ya nani na ile ya nani. Sasa fanya hivo hivo kwa simu janja zilizotoka kati ya 1994 na 2007, hapo hata mtoto atazitofautisha, moja inafunguka kwa ubavu, moja inaslaidi, moja ina kibodi ya herufi zote chini ya kioo, moja ina kifuniko chenye namba, nyingine kioo chake kinazunguka. Wengi wanadhani ilikuwa ni fasheni tu, kila kampuni inataka ionekane. Fasheni ilikuwepo, sikatai, ila sababu kubwa ni nyingine kabisa na mimi naona ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye historia ya simu: hakuna aliyekuwa na uhakika mtu ataandikaje kwenye kitu kidogo hivo. Kila umbo unaloliona pale ni jibu la swali hilo hilo.

Na kinachoshangaza zaidi ni kwamba simu ya kwanza kabisa ya aina hii ilikuwa tayari imeshalipata jibu tunalotumia leo. Inaitwa IBM Simon. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX kule Las Vegas mwezi Novemba 1992, ikaanza kuuzwa Marekani Agosti 1994 kupitia kampuni ya simu ya BellSouth. Mbele haina batani za namba wala za herufi, ni kioo cha tachi tu, namba unazigusa pale pale kwenye kioo, kuna kalenda, kuna orodha ya majina, unaandika notisi, unatuma faksi na barua pepe. Bei dola 899 ukifunga mkataba, bila mkataba dola 1,099. Ila sasa ilikuwa na urefu wa sentimita 20 na uzito wa gramu 510, yani nusu kilo unaiweka sikioni, na ukiongea saa moja hivi betri imekwisha. Ziliuzwa kama 50,000 tu, mwanzoni mwa 1995 ikaondolewa sokoni.

Kwa hiyo wazo la simu ya kioo kitupu lilikuwepo 1994. Mbona likakaa miaka 13 ndo likarudi? Betri na bei vilichangia, lakini ukitaka kuelewa vizuri angalia kile kioo chenyewe.

Tachi ya zamani ilikuwa inafanya kazi kwa kubonyezwa. Juu kuna karatasi laini ya plastiki, chini yake kuna tabaka jingine, katikati nafasi nyembamba sana, na matabaka yote mawili yanapitisha umeme. Ukikandamiza, la juu linabonyea linagusana na la chini, simu inajua umegusa wapi. Uzuri wake ni kwamba inakubali kitu chochote, kucha, kalamu, kidole chenye glavu, na ni rahisi kutengeneza. Ubaya wake ndo ulioleta shida yote. Lazima ukandamize, ukipitisha kidole kwa wepesi haisikii. Inaelewa sehemu moja tu kwa wakati mmoja, ukiweka vidole viwili inachanganyikiwa. Na ile plastiki ya juu inachubuka, inapunguza mwanga, kioo kinaonekana kama kina ukungu. Sasa kwenye kioo cha namna hiyo weka herufi 26, kila herufi ndogo kuliko ncha ya kidole, halafu mwambie mtu aandike barua ya ofisini. Haiwezekani, labda umpe kijiti chenye ncha.

Waliofuata wakaona bora batani. Nokia wakaja na 9000 Communicator, Agosti 1996, na hii kwa kweli mimi naiheshimu sana kwa sababu haikukwepa swali. Ikifungwa ni simu nene ya kawaida ina namba kwa nje, ukiifungua kwa ubavu kama kasha la miwani unakuta kibodi nzima ya kompyuta na kioo kirefu cha pikseli 640 kwa 200. Ndani kuna prosesa ya Intel 386, yani ubongo kama wa kompyuta ya mezani ya miaka michache nyuma. Gramu 397. Jibu la Nokia lilikuwa hili: mtu anataka vitu viwili, simu na kompyuta, basi tumpe vyote viwili tuviunganishe kwa bawaba. Ni nzito lakini ina mantiki, ukitaka kupiga huna haja ya kufungua, ukitaka kuandika unafungua unaweka mezani unaandika kwa raha.

Upande mwingine kulikuwa na watu wa kalamu. Hawa walitokea kwenye zile kompyuta ndogo za mkononi kama Palm Pilot ya 1996, ambapo ulikuwa unajifunza namna maalum ya kuchora herufi kwa kijiti ndo mashine ikuelewe. Walipoanza kuingiza simu ndani yake wakapata shida mpya, kwamba kupiga simu kwa kijiti ni usumbufu, unatembea barabarani mkono mmoja umeshika mzigo halafu utoe kijiti kwenye tundu lake upige namba? Ndo maana ukaona vile vifuniko vyenye namba. Ericsson R380 ya mwaka 2000, Kyocera 6035 ya 2001, zote hivo, kifuniko kikifungwa ni simu, kikifunguliwa ni kompyuta ya kijiti.

Hapa kuna kitu naomba ukiangalie kwa karibu maana ni ufundi wa hali ya juu. Sony Ericsson P800 iliyotoka mwishoni mwa 2002 nayo ilikuwa na kifuniko cha namba, ila kile kifuniko hakikuwa na waya wala umeme wowote ndani, unaweza hata kukitoa ukakiweka pembeni na simu ikaendelea kufanya kazi. Namba zilikuwa zinafanyaje kazi sasa? Kila batani kwa nyuma inasukuma kioo kilichoko chini yake. Ukibonyeza 5, batani inakigusa kioo mahali fulani, simu inaona imeguswa mahali hapo inasoma 5. Yani batani zilikuwa ni vidole vya plastiki tu! Inawezekana kwa sababu tachi ya kubonyea haijali nini kimeigusa. Kwa kioo cha leo ujanja ule ule wa plastiki tupu hautasomeka.

Kundi la tatu ni BlackBerry, na hawa walishinda kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Walianza na peja, kifaa kidogo cha mkononi cha kupokea na kutuma barua pepe, mwaka 1999, BlackBerry 850, kibodi kamili ila haipigi simu. Simu wakaiweka 2002 kwenye modeli ya 5810, na uone walivyokuwa wanafikiria, haikuwa na spika ya sikioni wala maiki, ukitaka kuongea lazima uchomeke hedifoni. Kuandika kwanza, kuongea baadae. Siri yao ilikuwa kwenye vidole gumba. Waligundua kwamba mtu akishika kifaa kwa mikono miwili vidole gumba vinafika kila mahali, kwa hiyo kibodi haihitaji kuwa kubwa, inahitaji tu kila batani ihisike. Ukishika Bold ya 2008 utaelewa, kila batani ina kimwinuko kidogo kilicholala kwa mshazari, za upande wa kushoto zimelalia upande mmoja na za kulia upande wa pili, kidole kinajua kipo wapi bila macho kuangalia. Watu walikuwa wanaandika barua nzima huku wanamtazama mtu usoni. Hicho kitu kwenye simu za kioo kitupu mpaka leo hakijarudi na wanaokikumbuka wana haki ya kukisikitikia.

Nokia kwa upande mwingine walikuwa na wateja wengi waliozoea batani 12 na mkono mmoja, hawakutaka kuwapoteza. 7650 ya mwaka 2002 ikaficha zile namba chini ya kioo, unaslaidi zinatoka, na ina kamera pia. Baada ya hapo wakaanza kujaribu kila kitu, 3650 wakazipanga namba kwenye duara, watu wakalalamika kwa sababu vidole vilikuwa vimeshakariri mpangilio wa kawaida, halafu N-Gage ya 2003 wakachanganya simu na gemu, ikawa ya kulaza na ukiongea unaishikia kwa ukingo sikioni, na kubadilisha gemu mpaka utoe betri. N-Gage inanifundisha kuliko nyingi zilizofanikiwa, maana inaonyesha batani zikishapigwa misumari kwa kazi moja, kazi nyingine zote zinaumia. Batani za gemu zinaharibu simu, za simu zinaharibu gemu.

Na hilo ndo tatizo la batani zote. Zikishatoka kiwandani zimetoka, haziwezi kuwa kitu kingine kesho.

Januari 9, 2007 Steve Jobs, bosi wa Apple, aliposimama kuonyesha iPhone alianza na hoja hii hii. Akaweka picha za Moto Q, BlackBerry Pearl, Palm Treo na Nokia E62, akasema shida iko kwenye ile asilimia 40 ya chini ya simu, kibodi ipo tu hata kama programu unayotumia haiihitaji. Ila tuwe wakweli, hoja ilikuwa inajulikana, Simon ilikuwa imeshaijibu. Kilichobadilika ni aina ya tachi. Hii mpya haisubiri kubonyezwa, kioo kina gridi ya nyaya zisizoonekana zenye chaji ndogo ya umeme, na mwili wa binadamu nao unapitisha umeme, kidole kikigusa chaji inabadilika pale na simu inahisi. Kwa hiyo juu unaweza kuweka kioo kigumu cha kweli, safi, kidole kikateleza bila kukandamiza, na vidole viwili vikasomwa kwa pamoja. Wazo lenyewe liliandikwa na Mwingereza E. A. Johnson mwaka 1965, na LG Prada iliyotangazwa Desemba 2006 ilitangulia kulitangaza kwenye simu wiki chache kabla ya iPhone. Apple waliongeza kitu kingine, programu inayosahihisha. Kidole ni kinene kuliko herufi, kukosea hakuepukiki, basi acha mtu akosee halafu simu irekebishe neno. Hapo ndo kibodi ya kwenye kioo ikaanza kuaminika.

Lakini usifikiri kila mtu alikubali siku hiyo hiyo. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream au G1, ilitoka Oktoba 2008 ikiwa na kibodi ya kuslaidi pamoja na kimpira cha kuzungusha kwa kidole, na Android yenyewe haikuwa na kibodi ya kwenye kioo mpaka toleo la 1.5 la Aprili 2009, yani hata meseji ya neno moja mpaka uslaidi. BlackBerry nao mwaka huo wa 2008 wakatoa Storm, kioo kizima kinabonyea kama batani moja kubwa kila ukigusa, walitaka kuwapa wateja wao ile raha ya batani kwenye kioo, ikawa inachelewesha uandishi.

Kilichomaliza ubishi nadhani ni pesa za kiwandani kuliko hata ladha ya watu. Simu yenye kibodi ya kweli lazima uitengeneze tofauti kwa kila soko, Ufaransa herufi zimepangwa hivi, Ujerumani hivi, Kiarabu ni herufi nyingine kabisa. Ya kioo unatengeneza moja kwa dunia nzima, lugha inabadilika kwenye programu. Haina bawaba ya kulegea, haina reli ya kuslaidi inayokatika utepe wa ndani, haina batani za kuingiza vumbi, na nafasi yote iliyobaki unajaza betri. Halafu video zikaja, ramani zikaja, kila mtu akataka kioo kikubwa, na kibodi ikawa inakaa mahali ambapo picha ingekaa. Samsung Galaxy Note ya 2011 ilivyotoka na inchi 5.3 wengi waliiona kubwa kupita kiasi, leo hiyo ni ndogo.

Kibodi haikufa kimya kimya, BlackBerry KEYone ya 2017 bado ilikuwa nayo, tena batani zenyewe zilikuwa na hisia ya tachi, unapitisha kidole juu ya herufi bila kubonyeza na ukurasa unapanda. Na umbo nalo limeanza kubadilika upya tangu Galaxy Fold ya 2019 na Galaxy Z Flip ya 2020, zote za Samsung, bawaba imerudi, isipokuwa safari hii kinachokunjwa ni kioo chenyewe na swali wanalojibu ni jingine, kioo kikubwa kitaingiaje mfukoni.