Stata ya injini ya boti: maneno ya gatini na ukweli wake

Stata nyingi, yaani mota za umeme za kuwashia injini, hufunguliwa zikiwa hazina kosa lolote. Injini iliyofungwa ndani ya boti ikigoma, neno la kwanza ni "stata imekufa", na hapo nusu siku imekwenda: fundi amejikunja kando ya injini juu ya ngama (sakafu ya chini ya boti panapokusanyika maji), spana inateleza, nati ya chini haionekani. Stata inapelekwa kwa fundi umeme, anaipima mezani, inazunguka vizuri. Ikirudi botini, hali ni ileile. Inauma, kwa sababu ubovu wenyewe mara nyingi ungeonekana kwa mita ya bei ndogo na mtu mmoja wa kuzungusha ufunguo.

"Betri inasoma volti 12, kwa hiyo ni nzima"

Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.0 imekaribia kwisha. Hata hiyo 12.6 haitoshi kuiamini, kwa sababu stata ya dizeli huvuta mamia ya ampea kwa mkupuo, na betri iliyochoka huweza kuonyesha namba nzuri mpaka ibebeshwe mzigo. Ipime wakati mwenzako anapiga stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, shughulika na betri kwanza. Ikibaki juu ya 11 huku stata inajikokota, betri ina nguvu ila nguvu hiyo haifiki.

Inapotelea wapi? Gusa kichwa chenyewe cha chanya cha betri kwa waya mwekundu wa mita, si lagi (kichwa cha kebo) iliyokishika. Waya mweusi uguse bolti nene ya stata inayopokea kebo ya betri. Mwenzako apige stata. Mita ikizidi nusu volti, kuna upotevu njiani: kebo, lagi, au swichi kuu. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya stata hadi kichwa cha hasi. Upande huu husahaulika, na ndio wenye bolti iliyofungwa kwenye chuma cha injini kilichopakwa rangi na kurushiwa maji ya chumvi miaka nenda rudi. Kipimo hiki kinafaa tu umeme mkubwa ukiwa unapita. Kama stata haijashtuka kabisa, sifuri utakayoiona haina maana.

Usidanganyike na lagi inayong'aa. Kata gamba la plastiki kidogo nyuma yake, na mara nyingi utakuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi, au zimegeuka unga wa kijani. Chumvi hupanda ndani ya kebo taratibu. Ndiyo maana kebo ya boti inatakiwa kuwa na nyuzi zilizopakwa bati, si ile shaba tupu ya dukani.

"Tik ni tik, stata imekwisha"

Sikiliza vizuri. Tik-tik-tik za haraka karibu kila mara ni umeme hafifu: betri au miunganisho. Kimya kabisa kinakupeleka kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi inayozuia kuwasha gia ikiwa imeingia, au ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata. Waya huo kwenye boti ni mrefu, unapita soketi kadhaa zenye kutu, na ukileta volti 8 tu solenoidi inakubali leo, kesho inakataa. Stata inayowaka mara ya tano ukihangaika na ufunguo, chunguza hapo kwanza. Dawa yake ni kusafisha soketi au kufunga rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) karibu na injini.

Tik moja nzito, kisha basi, ndiyo yenye mambo. Huenda mguso wa ndani wa solenoidi umeungua: bolti ya upande wa betri ina volti, ya upande wa mota haina. Huenda kaboni, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha. Na huenda injini yenyewe haizunguki. Kabla ya kulaumu stata, zungusha kreki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana kupitia puli ya mbele.

Stata ikivuma bila kuishika injini, gia yake ndogo haitoki, au meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo gia hiyo hulishika, yameliwa.

"Piga tu, itawaka"

Hii ndiyo inayoua injini. Kwenye injini nyingi za ndani, maji ya bahari yakishapoza hutupwa kwenye ekzosi, na moshi ndio unaoyasukuma nje. Ukipiga stata bila injini kuwaka, pampu inaendelea kuvuta maji, lakini hakuna moshi wa kuyatoa. Sailensa inajaa, maji yanapanda, yanaingia silinda kupitia vali za ekzosi. Maji hayabanwi. Mkono wa pistoni unaweza kupinda, na kinachosikika nje ni ileile tik moja nzito.

Piga si zaidi ya sekunde 10, kisha ipumzishe stata dakika moja au mbili, maana nayo inapata moto. Ikiendelea kukataa, funga valvu ya maji ya bahari na utafute tatizo la mafuta, ukianza na kebo ya kuzimia: je, imerudi mahali pake? Injini ikiwaka, fungua valvu papo hapo, kwani impela ya mpira ndani ya pampu ya maji haivumilii kuzunguka kavu. Ukishuku maji yameshaingia, toa nozeli zote za mafuta, zungusha kreki kwa mkono mpaka yatoke, badilisha oili, na usiilaze injini usiku na chumvi ndani.

"Igonge nyundo"

Kugonga kidogo huweza kuachia kaboni zilizokwama, ukafika nyumbani. Kwa stata zenye sumaku za kudumu, pigo kali hupasua sumaku.

"Unganisha kwa bisibisi, stata ya gari nayo inafaa"

Yaani kuunganisha bolti za stata kwa bisibisi bila ufunguo. Kwa injini ya petroli, usithubutu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala kwenye ngama, na cheche moja inatosha. Stata ya boti ya petroli huzibwa ili cheche zake zisiwashe mvuke huo. Ya gari haina kinga hiyo. Washa feni ya chumba cha injini dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo, kisha unuse. Kwa dizeli hatari ni nyingine: bisibisi inairuka ile swichi ya gia, kwa hiyo injini huweza kuwaka gia imeingia, rafadha ikaanza kuzunguka huku mtu yuko majini nyuma ya tezi.